Cyangugu ilipowekwa mezani ili Hitler atulie

CYANGUGU. Anayevuka daraja la Rusizi kwenda kuuza Bukavu anajua kuwa mpaka huu ulichorwa na wageni. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mwaka 1938 wageni hao walifikiria kuuchora upya, ili kumtuliza mbabe mmoja wa Ulaya.

Hadi 1916 Cyangugu ilikuwa ya Wajerumani, na ng'ambo ya mto walikuwa Wabelgiji. Ujerumani iliposhindwa vita, Ruanda-Urundi ikapewa Ubelgiji na Tanganyika ikapewa Uingereza. Hitler alipoingia madarakani akataka makoloni yarudishwe.

Machi 3, 1938, Balozi wa Uingereza mjini Berlin, Nevile Henderson, alimfikishia pendekezo la Waziri Mkuu Chamberlain: Ujerumani ipewe sehemu katika utawala mpya wa Afrika ya Kati, kusini hadi mto Zambezi. Cyangugu imo humo. Wenyeji hawakuulizwa. Hitler hakuonyesha haraka. Macho yake yalikuwa Ulaya.

Magazeti makubwa ya London yaliunga mkono siasa hiyo ya kumridhisha. Septemba 7, 1938, tahariri ya The Times ilidokeza kuwa Czechoslovakia ingefaa kuachia jimbo la mpakani lenye Wajerumani. Baada ya mkataba wa Munich mwezi huohuo, Daily Express liliwahakikishia wasomaji kuwa Uingereza haitaingia vitani mwaka ule wala uliofuata.

Mchoraji David Low wa Evening Standard aliona vingine. Mwaka 1936 alimchora Hitler akipanda ngazi iliyojengwa kwa migongo ya viongozi walioinama. Siku ya Munich alichora wakubwa wanne mezani na Stalin amesimama, akiuliza kiti chake kiko wapi. Mwenye gazeti lake, Beaverbrook, alipendelea kumridhisha Hitler, lakini mkataba ulimpa Low uhuru wa kuchora. Serikali nayo ilimwomba apunguze makali, kwa kuwa Berlin ilikasirika.

Vita vilianza Septemba 1939, hata mwaka haujaisha. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Tahariri zilipima bei ya amani kwa hesabu ya mnunuzi. Katuni iliuliza nani hana kiti. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, swali hilo la pili ndilo la kuuliza kila mkataba unapotangazwa: waliokaa mezani wanatoa mali ya nani?