Umenakili mashine ya Linux ikakosa mtandao? Usiifute, fanya hivi

Ikiwa unajifunza kazi ya kusimamia seva, bila shaka unajua utamu wa VirtualBox. Unaunda mashine pepe moja ya Linux, unaiweka sawa, kisha unatoa nakala mbili tatu za mazoezi bila kumaliza bando. Shida huanza ukiwasha nakala. Inawaka freshi, lakini mtandao hakuna. Ukiitafuta eth0, unaambiwa haipo.

Usipaniki. Hakuna kilichoharibika, ni jina tu limehama.

Kila kadi ya mtandao ina anwani yake ya MAC. Nakala ikipewa anwani mpya, faili zake bado hukumbuka ile ya zamani. Kwenye CentOS 6, daftari la majina ni faili ya /etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules. Humo eth0 tayari ina mwenyewe, kwa hivyo kadi mpya inaitwa eth1. Mipangilio yako nayo ingali inangoja eth0.

Dawa ni hii: ingia kama root, ufute faili hiyo. Kisha fungua /etc/sysconfig/network-scripts/ifcfg-eth0, uondoe mistari ya HWADDR na UUID. Kama IP uliiandika kwa mkono, ibadilishe, la sivyo mashine mbili zitagombania anwani moja. Halafu andika reboot.

CentOS 6 ilistaafu Novemba 2020, lakini usishangae ukiikuta kwenye seva kuukuu ofisini. Linux za siku hizi hutumia majina kama enp0s3, yanayofuata mahali kadi ilipochomekwa, kwa hivyo jina halihami ovyo.

Hata hivyo, Ubuntu ina mitego yake. Chungulia faili za /etc/netplan. Ukiona mstari wa macaddress, weka anwani mpya (amri ya ip link itakuonyesha), kisha sudo netplan apply. Na je, nakala zote zinapata IP moja kutoka kwa DHCP? Kumbe zinatumia kitambulisho kimoja! Kwenye nakala, andika sudo truncate -s 0 /etc/machine-id, uwashe upya.

Bora zaidi, safisha mashine mama, uizime, ndipo uinakili. Nyumbani, seva mbili zenye IP moja ni usumbufu tu. Kazini, ni wateja kukatika na simu ya bosi usiku wa manane.