Rangi ya Kijani Iliyofika Mahakamani

Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina rangi ya kijani, visima vinne na majaji tisa, na ni ya kweli tupu. Ilitokea Maui, kisiwa kimojawapo cha Hawaii, jimbo la Marekani lililo katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Karibu na mji wa Lahaina, magharibi mwa kisiwa hicho, serikali ya kaunti ina mtambo wa kusafisha maji taka. Maji ya vyoo na mabafu ya mahoteli na majumba hukusanywa pale na kusafishwa kiasi. Kisha lita kama milioni 15 kwa siku zilikuwa zikisukumwa ardhini kupitia visima vinne. Si visima vya kuteka maji, bali vya kuyatupia.

Kiasi cha nusu maili kutoka pale, yaani kama mita 800, kuna ufuko wa Kahekili. Ukipiga mbizi hapo utaona vitundu chini ya bahari, katikati ya matumbawe, vinavyotoa maji ya vuguvugu. Mwani ukawa unastawi mno na kuyasonga matumbawe. Mwaka 2009 serikali ya jimbo ikapiga marufuku kuvua pono na kangaja eneo lile, ili samaki hao wabaki wakiula mwani. Wazo zuri, lakini pono anakula mwani tu. Hana uwezo juu ya kinachourutubisha.

Sasa, maji yale ya vuguvugu yalitoka wapi? Katikati ya mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii walitia rangi kwenye visima viwili kati ya vile vinne. Ni rangi ya kijani ing'aayo, ambayo vifaa huweza kuinasa hata pale macho hayaoni kitu. Wakawa wanachota maji ufukoni, wanapima, wanangoja. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Siku ya 84, rangi ikatokeza kwenye vile vitundu vya matumbawe. Hesabu zao zilipokamilika, walikadiria kuwa asilimia 64 ya rangi waliyoitia kisimani iliishia pale pale.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Marekani ina Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972. Inasema anayetoa uchafu kutoka kwenye bomba, mfereji au kisima kwenda kwenye mito mikubwa, maziwa au bahari, sharti awe na kibali. Na kibali hicho si karatasi ya kubandika ukutani. Kinataja uchafu kiasi gani unaruhusiwa na utapimwaje, na anayevuka mpaka hutozwa faini. Kaunti ya Maui haikuwa nacho. Mwaka 2012 watetezi wa mazingira wakaifikisha mahakamani. Naam, serikali ndogo ikashtakiwa kwa kutotii sheria ya serikali kubwa.

Kaunti ikajitetea: bomba letu linaishia kisimani, si baharini. Yanayotokea baada ya hapo ni kazi ya ardhi, na maji ya chini ya ardhi ni shauri la majimbo.

Msicheke. Hoja ile ilikuwa na uzito. Tukisema kila tone linalopenya udongo hadi baharini linahitaji kibali, vipi kuhusu mwenye nyumba na shimo lake la choo? Hata idara ya mazingira ya serikali kuu, ambayo mwanzo iliwaunga mkono walalamikaji, mwaka 2019 iligeuka. Mwaka huo huo baraza la kaunti lilipiga kura, 5 kwa 4, kesi imalizwe kwa mapatano. Meya akakataa. Alitaka Mahakama ya Juu ya Marekani iamue.

Ikaamua tarehe 23 Aprili 2020, majaji sita dhidi ya watatu. Jaji Stephen Breyer, aliyeandika hukumu, aliingia hadi jikoni kutafuta mfano. Mpishi akiambiwa atie kwenye mchuzi mafuta yaliyotoka kwenye nyama, alisema, ataelewa, hata kama mafuta hayo yalitulia kwanza kwenye sufuria. Bado yametoka kwenye nyama. Lakini hakuwapa walalamikaji kila walichotaka. Aliweka kipimo: je, matokeo yake ni sawasawa na kumwaga moja kwa moja? Tazameni hasa muda na umbali. Bomba likiishia hatua chache kutoka baharini, kibali kinahitajika. Likiishia maili 50 ndani, na maji yakachukua miaka mingi kufika, huenda kisihitajike. Kesi ikarudishwa Hawaii, na mwaka 2021 jaji wa huko akasema kaunti inahitaji kibali.

Ningeishia hapa mngelala mkidhani bahari hushinda siku zote. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ile ile iliamua kesi ya Michael na Chantell Sackett, mke na mume walionunua kiwanja karibu na Ziwa Priest, jimboni Idaho. Walipoanza kukijaza changarawe wajenge nyumba, idara ya mazingira ikawaambia hiyo ni ardhi chepechepe inayolindwa na Sheria ile ile ya Maji Safi, na wasipoirudisha ilivyokuwa faini ingepita dola 40,000 kwa siku. Ndiyo, kwa siku! Majaji wote tisa walikubali kwamba kiwanja kile hakikuwa chini ya sheria hiyo. Walipoulizwa sheria ifike wapi, wakagawanyika: watano walisema ardhi chepechepe inalindwa tu ikiwa maji yake yameungana juu ya ardhi, bila mkatizo, na mto au ziwa. Njia ya chini kwa chini, iliyoiponza Maui, hapa haikuhesabiwa.

Jaji Brett Kavanaugh alipinga kipimo hicho. Alitaja Mto Mississippi, ambao pembeni yake yamejengwa matuta marefu ya kuzuia mafuriko. Ardhi chepechepe iliyo upande wa pili wa tuta, alisema, bado ni jirani ya mto na mara nyingi ina kazi yake katika kuzuia mafuriko. Majaji watatu wengine walikuwa naye. Wanne kwa watano.