Kupima Kusinyaa kwa Udongo Mfinyanzi Kabla ya Kubuni Msingi

Ukipita Bunju, Boko, Mbagala au Chamazi utaona nyumba nyingi zinazojengwa kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na bati fedha ikipatikana. Familia inaweza kutumia miaka kumi kumaliza nyumba moja. Ikiwa nyumba hiyo imekaa juu ya udongo mfinyanzi unaovimba, ufa unaweza kuanzia kwenye kona ya dirisha na kupanda hadi kwenye linta baada ya misimu michache tu ya mvua. Wengi watasema fundi ameiba saruji. Mara nyingine fundi hana kosa; ni kwamba hakuna aliyepima udongo. Katika mada hii utajifunza namna ya kupima, kukokotoa na kutafsiri jibu lako.

Kwa nini udongo husogea?

Chembe za udongo mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002. Hata hivyo, si kila mfinyanzi una tabia moja. Tabia hutegemea madini yaliyomo. Kaolini, kama ile ya vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, ina matabaka yaliyoshikana kwa nguvu. Maji hayapenyi kati ya matabaka hayo, hivyo udongo wake husinyaa kidogo. Madini ya kundi la smektaiti yana matabaka yaliyoshikana kwa ulegevu. Maji yakiingia kati yake, udongo huvimba. Yakitoka, husinyaa na kupasuka. Udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi huacha mianya mipana ardhini, ni mfano unaofahamika.

Sasa fikiria mwaka mmoja wa Dar es Salaam. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, kisha hufuata kiangazi kirefu, halafu vuli za Oktoba hadi Desemba. Udongo wa pembeni mwa nyumba hulowa na kukauka kila msimu, lakini ule wa katikati umefunikwa na sakafu na hubadilika polepole. Wakati wa kiangazi pembe za nyumba hushuka huku katikati pakibaki palepale. Ukuta wa tofali haujui kupinda; hupasuka.

Kumbuka: nyumba nyepesi ya chini huumia kwa urahisi kuliko jengo zito, kwa sababu uzito wake hautoshi kuuzuia udongo unaovimba. Ndiyo maana Kibaha, kwenye barabara ya Morogoro, watafiti waliochunguza udongo wa aina hii walikuta nyumba za kawaida za makazi zimepasuka.

Jaribio la kusinyaa kwa urefu

Mwaka 1911 mwanakemia wa Uswidi, Albert Atterberg, alieleza mipaka ya unyevu ambapo udongo hutoka hali ya uji hadi hali ya kufinyangika, na hatimaye kuwa mgumu. Jaribio letu linatokana na msingi huo. Fuata hatua hizi:

1. Chimba shimo la majaribio kiwanjani. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, kisha chukua sampuli kutoka kila tabaka na uandike kina chake.
2. Kausha sampuli hewani, iponde na uichekeche kwa chekeche lenye matundu ya milimita 0.425.
3. Changanya na maji safi hadi upate uji mzito unaokaribia kutiririka.
4. Paka grisi ndani ya kalibu yenye umbo la nusu bomba, urefu wa milimita 140. Jaza udongo, gongagonga ili hewa itoke, kisha sawazisha juu.
5. Acha ukauke polepole kivulini hadi uachane na kuta za kalibu. Kisha ukaushe kwenye oveni kwa nyuzijoto 105 za Selsiasi.
6. Ukishapoa, pima urefu wa kipande kikavu.

Kanuni: Kusinyaa (%) = (urefu wa mwanzo − urefu wa mwisho) ÷ urefu wa mwanzo × 100

Mfano

Tuseme umechukua sampuli mbili kwenye kiwanja kimoja. Sampuli A imetoka kina cha mita 0.4, udongo wenye mchanga mwingi. Sampuli B imetoka mita 1.2, udongo wa kijivu unaonata. Baada ya kukauka, A ina urefu wa mm 135 na B mm 121.

Sampuli A: (140 − 135) ÷ 140 × 100 = 3.6%
Sampuli B: (140 − 121) ÷ 140 × 100 = 13.6%

Kwa kipimo kinachotumika sana, chini ya 5% hatari ni ndogo, 5% hadi 8% ni ya wastani, na zaidi ya 8% ni kubwa. Tazama basi: mtu aliyeishia kwenye mchanga wa juu angesema kiwanja ni kizuri. Hatari ilikuwa chini ya mchanga, hatua moja tu kutoka alipoishia.

Kutoka kwenye asilimia hadi kwenye msingi

Hatari ikiwa kubwa, mhandisi ana njia kadhaa:

(a) Kuondoa mfinyanzi kama tabaka lake ni jembamba, na kujaza kifusi kisichovimba, kwa mfano moramu iliyoshindiliwa. Mchanga mtupu haufai, kwani shimo hugeuka beseni la kutunza maji.
(b) Kushusha msingi hadi kina ambacho unyevu haubadilikibadiliki.
(c) Kujenga jamvi nene la zege lenye nondo, ili nyumba nzima isogee kwa pamoja.
(d) Kudhibiti maji: kuweka mifereji ya bati, kusakafia kuzunguka nyumba, na kuweka karo na miti mikubwa mbali na kuta.

Njia ya (d) ina gharama ndogo, nayo husaidia hata nyumba iliyokwisha kujengwa.

Makosa ya kuepuka katika mtihani

• Kusema ardhi itasinyaa kwa 13.6%. Sampuli ilianza ikiwa uji. Ardhi haiko hivyo. Asilimia hii inaonyesha kiwango cha hatari tu. Mhandisi huhitaji pia vipimo vingine, kikiwemo cha kuvimba.
• Kugawanya kwa urefu wa mwisho badala ya urefu wa mwanzo.
• Kutambua udongo kwa rangi pekee. Mweusi si lazima uvimbe, na wa kijivu au wa njano unaweza kuvimba.
• Kukausha haraka juani. Kipande hupasuka au kujikunja, na kipimo huharibika.

Maswali ya kujipima

1. Kipande kimekauka na kubaki na urefu wa mm 131. Kokotoa asilimia ya kusinyaa na utaje kiwango cha hatari.
2. Eleza kwa nini pembe za nyumba hushuka wakati wa kiangazi kabla ya katikati.
3. Jirani yako Mbagala amechimba mtaro wa msingi wa futi mbili na kukuta mchanga mtupu. Anataka kumwaga zege kesho. Mshauri, ukitoa sababu mbili.

Jibu la swali la 1: (140 − 131) ÷ 140 × 100 = 6.4%; hatari ya wastani. Katika swali la 3, rudi kwenye Sampuli A na B kabla ya kuandika. Shimo moja la majaribio huchimbwa kwa siku moja. Ukuta uliopasuka humrudisha mwenye nyumba miaka mingi nyuma.