Dalali Rafiki na Mipaka ya Msaada Wake: Hali ya Wateja wa LGBT Nchini Marekani

Jijini Dar es Salaam, dalali ni mtu anayemwonyesha mpangaji chumba na kudai kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Nchini Marekani, dalali wa majengo huwa na leseni ya jimbo, naye hubanwa na sheria katika yale anayomwambia mteja. Wateja wa LGBT, yaani wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia, wamekuwa na desturi ya kutafuta dalali anayejulikana kuwa rafiki kwao. Makala haya yanafafanua kwamba rafiki huyo anahitajika hasa pale ambapo sheria haioni, ilhali sheria hiyo hiyo humfunga mdomo katika swali ambalo mteja hulijali zaidi.

Ubaguzi wa makazi mara nyingi hautamkwi. Mwaka 2011, Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ilifanya majaribio 6,833 ya barua pepe katika masoko 50 ya nyumba za kupanga. Katika kila jaribio, wenzi wawili waliulizia nyumba ile ile, tofauti yao ikiwa jinsia ya mwenzi tu. Wenzi wa jinsia tofauti walipendelewa dhidi ya wenzi wa kiume katika asilimia 15.9 ya majaribio, na dhidi ya wenzi wa kike katika asilimia 15.6. Njia kuu ya upendeleo huo ilikuwa kimya: barua haikujibiwa. Asiyejibiwa hana tusi la kupeleka mahakamani, na pengine hajui kwamba amebaguliwa.

Sheria ya shirikisho ya makazi ya mwaka 1968, iliyoongezewa kigezo cha jinsia mwaka 1974, haitaji mwelekeo wa kimapenzi. Katika shauri la Bostock la mwaka 2020, lililohusu ajira, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kumfukuza mtu kazini kwa sababu hiyo ni ubaguzi wa kijinsia. Februari 2021 wizara iliutumia uamuzi huo katika makazi, lakini amri ya rais iliyoagiza hatua hiyo ilifutwa Januari 2025. Ulinzi wa namna hii hauna mizizi. Sheria za majimbo ni imara zaidi, Wisconsin ikiwa ya kwanza mwaka 1982, ila majimbo mengi hayana. Kanuni za maadili za chama cha taifa cha madalali zilikataza ubaguzi wa mwelekeo wa kimapenzi mwaka 2011 na wa utambulisho wa jinsia mwaka 2014, nazo huwabana wanachama pekee.

Bendera ya upinde wa mvua kwenye kadi ya biashara si ushahidi wa lolote. Ushahidi hupatikana kwa kuuliza: dalali atafanya nini muuzaji akitaka kujua wanunuzi ni akina nani? Je, anajua kwamba kwa wenzi wasiooana, namna hati inavyoandikwa ndiyo huamua kama nyumba itabaki kwa aliye hai au sehemu ya marehemu itakwenda kwa ndugu zake? Dalali si wakili, lakini asiyejua kwamba swali hilo lipo hatamwelekeza mteja kwa wakili. Tangu Agosti 2024, wanachama wa chama hicho hutakiwa kusaini mkataba na mnunuzi kabla ya kumwonyesha nyumba. Hivyo maswali haya hayana budi kutangulia saini.

Linabaki swali la majirani. Mteja hutaka kuambiwa ni mtaa upi utakaompokea. Dalali anayejibu kwa kueleza ni watu wa aina gani wanaoishi wapi huingia katika kosa la kuwagawa wateja kwa mitaa, kosa lililowekwa kutokana na historia ya Wamarekani weusi kufungiwa vitongoji vizima. Kwa hiyo hata dalali aliye rafiki kweli hunyamaza, na jina la "rafiki" huahidi zaidi ya leseni inavyoruhusu. Aliye makini humwonyesha mteja sheria ndogo za mji zinazokataza ubaguzi, kisha humshauri autembelee mtaa mwenyewe, jioni na siku ya mapumziko, azungumze na wakazi kabla ya kutaja bei.