Plasta Kutolewa Sio Mwisho

Ndugu na dada wa vikundi vya Thika na Ruiru, mara nyingi tunasikia mtu akisema, "Plasta imetolewa, nimepona." Kumbe kazi ndiyo inaanza! Mkono uliofungwa wiki 6 hukakamaa, na usipozoezwa unaweza kubaki hivyo.

Mazoezi hayafanani kwa kila mtu. Mchonga mawe anataka nguvu ya kushika nyundo, mchuma kahawa anataka wepesi wa ncha za vidole, na mama anayekamua ng'ombe anataka vyote viwili. Kwa hiyo ukienda Thika Level 5, mweleze mtaalamu wa mazoezi kazi yako hasa. Usiseme tu mkono unauma.

Aliyekatwa na mashine ya nyasi, kano zikashonwa, asiige jirani aliyevunjika mfupa. Kano ikivutwa mapema hukatika tena, na kubeba mtungi wa maji kutangoja karibu miezi 3. Tafadhali, msimpeleke kukandwa. Vidole vikiwa na ganzi awe mbali na jiko, ataungua bila kusikia.

Akiruhusiwa, vifaa viko nyumbani: kitambaa cha kukamua kwenye maji vuguvugu, maharagwe ya kuchambua. Dakika chache, mara nyingi kwa siku.

Wengi huacha kliniki kwa kukosa nauli na mtu wa kuwakamulia ng'ombe. Hapo kikundi kinaweza. Na kama aliumia akiwa ameajiriwa, amjulishe mwajiri mara moja: Sheria ya Fidia ya 2007 inampa miezi 12 ya kudai.