Siti ikishuka, goti hulipa

Fundi baiskeli mmoja wa Ngamiani, Tanga, ana desturi ambayo sijaiona kwa mwingine. Akishamaliza kupanga siti ya mteja, huchukua tupa na kukwaruza mstari mwembamba kwenye bomba la siti, pale linapoingia kwenye fremu. Hiyo ndiyo alama yake. Siti ikishuka, mstari unazama ndani ya fremu na hauonekani tena.

Nilimkuta akilegeza nati ya baiskeli iliyoletwa kuzibwa pancha. Alivuta siti juu, mstari wa tupa ukachomoza, umeanza kushika kutu. Akamtazama mwenye baiskeli, akacheka. Siti haikushuka yenyewe. Kijana aliishusha kwa spana ya kuazima siku chache baada ya kutoka hapo, na sasa analalamika goti. Fundi anasema wateja wake wengi hufanya hivyo. Jambo hilo likanikaa kichwani: kwa nini mtu ashushe kwa mkono wake kitu kilichopandishwa kwa faida yake?

Tanga na baiskeli ni habari ya zamani. Ardhi tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na inaitwa kwa namba, na baiskeli ni ya kila mtu: mwanafunzi, mzee anayewahi msikitini, mama mwenye baibui aliyehakikisha kava ya cheni imekaza, muuza samaki anayetoka soko la samaki la Deep Sea na tenga kwenye keria. Nyingi ni zile ndefu za chuma za Phoenix, zenye breki za fito na siti ya springi.

Kipimo cha fundi hakina chombo. Kabla ya kugusa pancha, aliirudisha siti ilipokuwa, akamwambia kijana apande, ashike ukuta, avue ndala, kisha aweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Goti likabaki limekunjwa kama la mtu aliyekaa kwenye kigoda. Akapandisha siti kidogo, akamrudisha juu, akapima tena, mpaka mguu ukanyooka bila nyonga kuinama upande. Hapo akamwambia asogeze mguu, akanyage kwa sehemu ya mbele kama anavyoendesha siku zote. Goti likajikunja kidogo tu. Fundi akakaza nati.

Kisha akageukia pua ya siti. Aliweka kipande cha mbao juu yake, akachuchumaa kuangalia kama kimelala sawa. Anaeleza kwamba pua ikinyanyuka, inabana nyama laini za mbele na mwendeshaji anashuka akiwa na ganzi mahali ambapo mwanaume huona haya kupaonyesha hata kwa daktari. Pua ikiinama, mwili unateleza mbele na mikono inageuka kuwa nguzo. Ndipo vidole vinapoanza kufa ganzi, kwanza kile kidogo, kisha cha jirani yake.

Hilo analijua kwa mwili wake. Kabla ya kukaa na spana alikuwa akibeba samaki kwa baiskeli, na kidole kidogo cha mkono wake wa kulia hakijarudi sawasawa. Alinionyesha mahali pa kosa: kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo. Hapo ndipo hupita mshipa wa fahamu unaohudumia kidole hicho na nusu ya kinachofuata, na hapo ndipo usukani unapogandamiza kila gurudumu likipiga shimo. Yeye hakufundishwa majina ya mishipa. Anasema alifundishwa na malalamiko ya wateja. Maumivu mbele ya goti, siti iko chini. Nyuma ya goti, imezidi kwenda juu. Goti linalouma upande mmoja huku pedeli inagonga, angalia kotapini, ile pini inayoshika mkono wa pedeli, kabla hujanunua dawa ya kuchua.

Kuhusu sponji nene wanazofunika watu juu ya siti, hana huruma nazo. Zinaburudisha dukani, anasema, lakini kwenye safari ndefu mifupa ya makalio inazama na katikati panabanwa. Mifuko ya plastiki ndiyo ilikuwa adui yake mkubwa. Watu waliifunga kwenye siti kukinga mvua, jasho likakosa pa kwenda, michubuko ikageuka majipu. Ilipopigwa marufuku mwaka 2019, wengine walifurahia mitaro safi. Yeye alifurahia makalio ya wateja wake.

Turudi kwenye siti inayoshushwa. Nilimuuliza kijana, na jibu lake lilikuwa fupi: anataka miguu yote miwili ifike chini. Bodaboda ikimpitia karibu, lori likimsukuma pembezoni mpaka lami inapoishia kwenye mchanga, anataka kukanyaga ardhi papo hapo. Wabeba mizigo wanasema vivyo hivyo, kwa sababu baiskeli yenye tenga zito ikianza kulala, mguu mrefu hauna msaada kama haugusi chini. Fundi anawaelewa. Hao huwawekea kipimo cha katikati, na hawakwaruzii mstari.

Kwa hiyo goti linalipa deni la barabara. Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia za pembeni za waendesha baiskeli. Umoja wa Mataifa umetenga Juni 3 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani tangu 2018. Lakini mtu anayeogopa kugongwa leo jioni, umwambie apandishe siti ili goti lake liwe zima akizeeka? Na akiumiza mguu kwa kutofika chini, nani atabeba lawama, yeye au fundi? Nilimuuliza fundi. Akaendelea kupiga msasa kwenye tyubu.

Nilipomuuliza kwa nini, pamoja na ganzi na majipu yote hayo, watu hawauzi baiskeli, hapo alikuwa na mengi. Hakuna nauli, hakuna mafuta. Unasimama popote kusalimia. Mtoto anakaa kwenye bomba la mbele, anapiga kengele njia nzima. Jioni upepo wa bahari unakupiga kifuani, na cheni iliyopakwa mafuta haitoi sauti hata kidogo. Anasema siti ikikaa sawa mtu hufika kazini akiwa hajachoka, na furaha hiyo hakuna anayemletea fundi kama anavyoletewa malalamiko. Wenye furaha wanapita tu.

Msomaji mwenye baiskeli, jaribu kipimo cha kisigino leo. Hakina gharama. Nanyi mnaochora barabara zetu, mpeni mwendesha baiskeli upana wake wa lami. Hilo spana ya fundi haiwezi kulifanya.