Bunduki ya Marehemu Baba, na Jinsi ya Kumjua Fundi wa Kuaminika

Marehemu baba aliacha shamba la minazi, madeni mawili matatu ya watu, na bunduki moja. Shamba tuligawana kwa mujibu wa mirathi. Madeni tulilipa kabla ya arubaini. Bunduki ndiyo iliyotushinda, kwa sababu bunduki hairithiwi kama mnazi.

Naandika haya kwa kuwa najua sisi wa pwani tuko wengi wenye wazee waliokuwa na leseni tangu zamani, enzi ambazo mtu alikuwa akienda mwituni kuwinda kanga na paa. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Wazee wengine walirudisha silaha zao, wengine wakabaki nazo kwa leseni. Sasa wazee wanaondoka mmoja mmoja, na watoto wanafungua kabati na kukuta kitu wasichojua wakipeleke wapi.

Jambo la kwanza ni hili: leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Aliyepewa akifa, leseni imekufa naye. Ukikaa na ile bunduki kwa kisingizio cha kuwa ni ya baba, umeshavunja Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na hakimu hatakuuliza kama ulikuwa bado umo matangani. Sisi tuliipeleka kituo cha polisi wiki ile ile, tukapewa hati ya kuipokea yenye nambari ya bunduki, kisha mimi nikaanza kuomba cheti changu mwenyewe. Nilikuwa tayari mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kuomba. Ilichukua zaidi ya mwaka. Subira inavuta heri.

Siku niliyokabidhiwa nilifurahi kama mtoto wa Idi. Ni BRNO, bunduki ndogo ya .22 iliyotengenezwa Czechoslovakia, yenye kitako cha mti. Pale baba alipokuwa akiweka shavu, mti umekuwa laini na mweusi. Nikaenda nayo uwanjani. Risasi ya kwanza ikatoka vizuri. Nikavuta bolti, ganda likagoma kutoka. Nikalisukuma kwa ufito kupitia mdomo wa mtutu. Risasi ya pili, hali ni ile ile. Ya tatu haikuingia kabisa hata kwa kusukuma, na hapo nikaacha.

Niliporudi mtaani, kila mtu alikuwa na fundi wake. Jirani yangu mmoja, mtu mwema kabisa, aliniambia: "Wajisumbua bure, ami. Yuko kijana hapa nyuma ya msikiti, anachomelea mageti, ana mikono ya dhahabu. Mpe, jioni utaipata." Mwengine akanipeleka kwa mzee aliyesifiwa kuwa alitengeneza bunduki nyingi zamani. Mzee yule aliitazama kwa mbali, akasema dawa yake ni kupanua tundu la risasi kwa keekee na msasa, kisha akanitajia bei. Hakuuliza cheti. Hakuuliza hata kama ina risasi ndani.

Nilishukuru nikaondoka, na leo nashukuru zaidi.

Nieleze kwa nini. Risasi ya .22 ina ganda jembamba la shaba. Baruti inapowaka, ganda hutanuka likabana kuta za chemba, na kule kubana ndiko kunakozuia moto na hewa ya moto visirudi nyuma kwenye uso wa mpigaji. Ukiipanua chemba kwa keekee, ganda halina pa kuegemea. Litapasuka, na lipasukapo jicho lako liko karibu sana na bolti. Kwa hiyo yule mzee alitaka kuniuzia upofu kwa bei ya makubaliano.

Na kuna upande wa sheria. Kenya, kutengeneza bunduki za watu kwa malipo ni kazi ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, si ya kila mwenye tupa na nyundo. Kijana wa mageti angeipokea bunduki yangu, sote wawili tungekuwa na kesi: yeye kwa kushika silaha bila cheti, mimi kwa kumpa. Tunajua sote polisi wakikuta bunduki katika karakana ya uani kwetu huku, mazungumzo hayaanzi na neno "ukarabati". Kijana wa watu angeharibikiwa maisha kwa sababu ya ubahili wangu.

Basi nikaanza upya. Niliuliza sehemu mbili tu. Kwanza niliwauliza wenzangu wa klabu: bunduki yako ya zamani ilipoharibika ulimpelekea nani, na je, ungempelekea tena? Swali la pili ndilo muhimu. Watu wawili walitaja duka moja kisha wakasema hawarudi. Watatu walitaja jengine, lililoko Mombasa, na mmoja akaongeza: "Lakini ana maneno, utamchukia kwanza." Pili niliuliza afisa anayeshughulikia leseni kama duka lile limesajiliwa. Akathibitisha.

Safari yenyewe ilinitia hofu kuliko kesi ya keekee. Mtu mzima wa Kilifi, kofia kichwani, na bunduki ndani ya gari, anavuka Mtwapa kuingia Mombasa! Nilimwarifu mkuu wa kituo chetu siku moja kabla. Bunduki niliiweka ndani ya mfuko wake nyuma ya gari, bolti nimeitoa na kuifunga mbali, risasi sikubeba hata moja. Cheti kilikuwa mfukoni mwa shati. Kwenye kizuizi nilimwambia askari kabla hajauliza: "Afande, nina bunduki nyuma, naipeleka kwa fundi, na hiki ndicho cheti." Akatazama, akalinganisha nambari, akaniruhusu. Usithubutu kuituma kwa boda wala kuipakia kama kifurushi kwenye basi. Silaha yako haitoki mkononi mwako ila kuingia mkononi mwa aliyeruhusiwa.

Fundi mwenyewe ni mzee wa makamo, miwani puani. Nilipofungua mfuko alirudisha mikono nyuma. "Kwanza cheti," akasema. Akasoma nambari kwenye cheti, akaisoma kwenye chuma, akaandika kwenye daftari kubwa: jina langu, aina, nambari, tarehe, tatizo. Nikakumbuka msemo wetu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha akahakikisha haina kitu ndani kwa macho na kwa kidole, ingawa nilikuwa nimemwambia mara mbili kuwa ni tupu. Alinitazama tu. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini: fundi wa bunduki asiyeamini neno lako juu ya jambo lile ndiye wa kumwamini.

Nikamuuliza bei. "Bei ya nini? Sijajua inaumwa wapi." Akamulika kwa kurunzi ndogo, akanionyesha ukingoni mwa chemba kitundu kidogo kama alama ya ukucha. "Mulikuwa mkiifyatua tupu?" Nikakumbuka. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa akituacha tuifyatue bila risasi, tukicheza askari. Risasi ya .22 hupigwa kwenye ukingo wake. Ikiwa chemba haina kitu, ile pini inagonga chuma cha mtutu chenyewe. Mipigo mia moja ya watoto, chuma hubonyea kwa ndani, risasi ikawa ngumu kuingia na ganda gumu kutoka. Makosa yalikuwa yetu, si ya bunduki.

Akanionyesha na la pili: kile kikucha cha chuma kinachovuta ganda kilikuwa kimelika, na springi yake imelegea. La tatu lilikuwa kutu. Baba alikuwa akiifunga kwa kikoi cha zamani na kuipaka mafuta ya nazi. Kitambaa hunywa unyevu wa bahari kikaulaza juu ya chuma, na mafuta ya nazi huganda yakawa kama gundi. Fundi alisema mafuta mepesi ya silaha, kwa tone, na kabati kavu vyatosha. Mfuko wa ngozi au turubai ni wa safarini, si wa kulalia.

Nikamwambia nataka pia aipake rangi mpya na kuusugua mti ung'ae. Alikataa. "Kutu ya nje nitaiondoa. Rangi ya zamani siiondoi, na huu mti siutii msasa. Hapa ndipo shavu la mzee wako." Nilinyamaza kidogo, nikajifanya natafuta simu.

Alinipa karatasi yenye kazi tatu na bei ya kila moja: kurudisha ukingo wa chemba kwa kifaa chake maalumu bila kukata chuma, kubadilisha kikucha na springi, na kusafisha. Akaandika chini kuwa vipande vya zamani atanirudishia. Bei yake ilizidi ya yule mzee wa keekee mara tatu. Nikalipa nusu, nikapewa risiti yenye nambari ya bunduki, na nikarudi na mfuko mtupu na nakala ya risiti ndani ya cheti.

Baada ya wiki tatu alinipigia. Alikuwa ameijaribu yeye mwenyewe, akaniwekea maganda kumi ndani ya bahasha nione kuwa hayana ufa wala uvimbe. Kikucha cha zamani kilikuwemo pia. Nilikwenda uwanjani Jumamosi. Risasi ishirini, maganda ishirini, yote yaliruka yenyewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliye na bunduki ya zamani, mpime fundi hivi. Je, ameomba cheti kabla ya kugusa? Je, ameandika? Je, amehakikisha haina risasi? Je, amekuonyesha ugonjwa kabla ya kukutajia bei? Je, yuko tayari kukurudishia vipande alivyovitoa, na kuijaribu mwenyewe kabla yako? Na je, kuna jambo alilokukatalia? Anayekubali kila unalotaka anatafuta pesa yako. Na akikuambia bunduki hii imekufa, isipigwe tena, msikilize. Ipeleke polisi uisalimishe, uchukue hati, ubaki na macho yako mawili.

Wajukuu zangu wameshaiona. Waliniomba waifyatue bila risasi, kucheza tu. Niliwaambia hapana, na nikawaonyesha kile kikucha kilicholika.